Vitz Nyekundu ya Mwalimu Ruguru

Jumatatu, 5 Agosti

Ameleta gari! Mwalimu Ruguru mwenyewe! Ameipitisha Vitz yake mbele ya banda la Vincent bila kugeuza shingo, akaegesha kwangu. Mtaa mzima wa Majengo umeona. Vincent ni mpaka rangi kama mimi, ila yeye hupaka gari kama mtu anayepaka choo cha shule. Nimefurahi hadi nikamwaga thina ya kuyeyushia rangi.

Habari mbaya: amepata uhamisho. Muhula ujao atafundisha kwao Embu, na ataondoka Meru gari likishakuwa tayari. Anataka nyekundu ya kahawa iliyoiva shambani kwa baba yake kule Kianjokoma, na boneti iwe na mishipa kama jiwe la marumaru. Kazi ya siku tatu. Nimemwambia wiki.

Miaka miwili nampenda huyu mtu. Yeye huniita fundi.

Jumanne, 6 Agosti

Marumaru. Unapulizia rangi ya fedha juu ya nyeusi, na ikiwa bado mbichi unaigandamiza na nailoni iliyokunjamana. Ukibandua, mishipa inabaki. Lakini mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku zamani. Vincent ana kipande, na angenipa nikimwomba. Simwombi Vincent hata maji ya kunywa.

Nikaenda kwa wafunga miraa, nikarudi na majani mabichi ya mgomba wanayoifungia. Akili! Mishipa ilitokea ambayo nailoni haiwezi hata ikikesha kanisani ikiomba. Ruguru alipopita jioni akaishangaa, akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nilikuwa namtazama yeye. Nikasema hata mimi.

Jumatano, 7 Agosti

Utomvu! Kila mtoto wa Meru amechapwa na mamake kwa kuchafua shati na utomvu wa mgomba, kwa sababu hautoki. Mimi pia nilichapwa. Leo asubuhi kuna doa la kahawia kwenye boneti, kubwa kama chapati.

Ilifaa nipige msasa, nianze upya. Lakini alishayasifu yale marumaru! Nitalifunika doa kwa kandi. Shida ni kwamba kandi ni rangi inayopitisha mwanga, kama pipi iliyonyonywa ikashikwa juani. Haifichi kitu. Kila tabaka huizidishia tu wekundu.

Hapo ndipo nilipopata mpango. Tabaka moja kwa siku, na kila tabaka mwenye gari lazima aje alikague. Hakuna sheria kama hiyo, nimeitunga mimi saa nne asubuhi. Nikampigia simu, Ruguru akauliza kama ni lazima kweli. Nikasema lazima sana. Akaja, akaketi kwenye debe nililolifuta kwa shati langu, akanywa chai. Akaniuliza kama wazazi wangu bado wako Timau, na kama huwa naona upweke hapa mjini. Nikamweleza muda wa rangi kukauka. Kwa nini mdomo wangu uko hivi?

Alhamisi, 8 Agosti

Manyunyu na baridi. Nilijua hatakuja. Akaja! Mwavuli mkono mmoja, mkebe wa mukimo mkono mwingine. Eti alipika mwingi. Tumekula kwa kijiko kimoja, kwa zamu. Sijui kama nimeshiba, sikuangalia chakula.

Tabaka la pili limekauka na rangi ni ileile aliyoitaka, kahawa iliyoiva kabisa. Hata Vincent alichungulia akanishauri niishie hapo. Halafu akaharibu. "Gikunda, wewe unapaka gari ama unachumbia?" Nikamwambia arudi kwa vyoo vyake. Ruguru aliangalia chini, akatabasamu.

Nikiishia hapo, kesho anaondoka. Nimemwambia bado mbili.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepulizia mbili kwa mpigo kwa sababu ya wasiwasi. Sasa ni kahawa iliyokaukia mtini. Doa bado linaonekana, tena limepata mng'ao.

Hakuja leo. Anafungasha vyombo. Nililiangalia lile debe mchana kutwa, na mteja alipotaka kulikalia nikamfukuza.

Jumamosi, 10 Agosti

Amelichukua gari. Alilizunguka polepole. Kisha akasema rangi ya Alhamisi ndiyo aliyoitaka, na akauliza kwa nini sikuishia hapo. Nikataja doa. Akasema doa aliliona tangu Jumatano na wala halikumsumbua. Akasimama na funguo mkononi akauliza kama sina lingine la kumwambia.

Nilikuwa nalo! Lilikuwa hapa kooni! Nikamwambia asilioshe kwa sabuni kali siku thelathini.

Akasema sawa, fundi. Akaenda. Nimekaa kwenye debe lake hadi Vincent akaniletea chai bila mzaha wowote, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

Jumapili, 11 Agosti

Ujumbe kwenye simu, baada ya ibada! Naunakili wote: "Gikunda, Jumapili ijayo baada ya kanisa kuja Kianjokoma. Mzee anataka kujua nani amefanya gari ikuwe nyeusi hivi. Mimi pia nataka uje. Usibebe kitu, kuja tu."

Nimeusoma mara kumi na nne. Anataka nije! Mimi! Nimelia kidogo, na sioni aibu.

Lakini kwenda hivihivi? Mbele ya mzee wake? Mtu hawezi kufika kwa kina Ruguru na pikipiki iliyochubuka tangi kama yangu. Nitaipaka marumaru, na juu yake kandi ya kijani, tabaka saba, moja kwa siku, bila haraka. Nikianza kesho, la saba litaangukia Jumapili yenyewe, na lazima likauke.

Nimemjibu kwamba Jumapili hiyo nina kazi.