Wanafunzi wa Kuazima

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mkutano Ruiru. Omondi wa shirika la elimu ya watu wazima ametangaza kozi ya juu kwa wakufunzi wazoefu wa gumbaru. Si ya kujifunza kushika chaki. Ni ya sisi tuliokwisha kuila! Mmoja wetu ataiandaa na kuiongoza. Nina miaka ishirini na miwili darasani Kiganjo. Nani mwingine? Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, tayari kutajwa. Saida, anayefundisha akina mama wa soko la Ruiru, akauliza kama kozi itaanzia kwenye sifa zetu au kwenye makosa yetu. Watu wakaliandika swali lake. Mimi sikuliandika.

Omondi atatembelea madarasa kabla ya kuchagua. Kwangu ni Alhamisi. Rejista yangu ina wanafunzi thelathini na mmoja. Wanaokuja ni wanne.

Jumanne, 4 Juni
Suluhisho! Nimeazima kwaya ya kanisa, pamoja na jirani yangu Bedan, karani mstaafu. Jioni nzima nimewafundisha kutojua kusoma. Kazi ngumu ajabu. Bedan nimempa gazeti alishike kichwa chini. Akalisoma hivyo hivyo, akacheka mahali pa kuchekesha.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda Murera kumtafuta Waruguru, mwanafunzi wangu bora kabisa. Miaka minne darasani. Alikuwa akisoma kitabu cha kwanza bila kukwama, ukurasa hadi ukurasa, hata umeme ukipotea. Nilimpa cheti mwenyewe. Siku hizi anakaa kwa binti yake. Nilimtaka kama ushahidi ulio hai.

Nilimkuta akipalilia mahindi. Akanieleza bila kuacha jembe. Mwezi wa nne mjukuu wake alishikwa na kikohozi. Dirishani palikuwa na chupa mbili zinazofanana, moja ya kikohozi, nyingine ya kuoshea mbuzi wenye kupe. Ya mbuzi ilikuwa imeandikwa SUMU, kwa herufi kubwa. Alimpa mtoto kijiko kimoja. Wamemzika pale, nyuma ya choroko.

Nilivua kofia. Nikamwita cucu, bibi, nikasema pole. Kisha nikamwomba aje kesho, akae mbele.

Akasema atakuja. Nilifurahi! Nilikuwa nimeogopa atakataa.

Alhamisi, 6 Juni
Watu ishirini na tisa darasani. Omondi alikuja na Saida, eti wakufunzi watazamane. Nikaanza vizuri. Nikaandika ubaoni MAEDELEO. Bedan akasimama akasema imepungua N. Waimbaji wa soprano wakamuunga mkono. Besi wakatamka neno zima, herufi moja moja, kwa pamoja. Ngai! Omondi akaangalia viatu vyake.

Ndipo Waruguru akasimama.

"Mwalimu, kitabu chako nilikishika chote kichwani," akasema. "Lile neno la kwenye chupa halikuwemo."

Omondi akamuuliza neno gani. Alikwenda mbele, akamwomba Saida amwandikie. Saida akaandika herufi nne. Waruguru akapitisha kidole juu ya kila moja, polepole, akarudia, akarudia tena. Chaki ikambakia kidoleni.

Nikatangaza chai.

Jumamosi, 8 Juni
Amechaguliwa Saida. Kozi itajengwa kwa mambo yaliyotokea kweli madarasani, na la kwanza ni la ile chupa. Waruguru amekubali kuja kulieleza mwenyewe. Mimi nimealikwa kama mshiriki. MSHIRIKI! Tena nilete rejista ya kweli.

Saida alikuja nyumbani kunipa habari. Nilijiandaa kwa majivuno yake. Hakuwa nayo. Aliniambia kwamba yeye pia aliwahi kumpitisha mama mmoja asiyejua kusoma, kwa sababu alimpenda na alitaka hesabu zake zipendeze kwa wakubwa. Yule mama aliweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, akapoteza shamba. Saida alisema tukiyasema hayo pamoja, labda tutajua la kufanya.

Nilimsikitikia. Mtu wa kukiri ovyo namna hiyo ataongozaje kozi?

Jumatatu, 17 Juni
Siku ya kwanza ya kozi, Ruiru. Viti vimepangwa duara, mtu hajui mbele ni wapi. Waruguru ameeleza habari ya mjukuu wake. Alitaja jina lake, Kamande, umri miaka mitatu. Wakufunzi wazee kuliko mimi walilia waziwazi. Wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kuwataja watu waliowapotosha. Mmoja alitaja saba.

Zamu yangu ilipofika nilisema koo linaniuma.

Saida akatuomba tuandike tulichojifunza. Nimejaza kurasa tatu. Mwandiko wake ubaoni unapanda mlima. Anauliza sana, anaeleza kidogo. Waruguru aliachwa azungumze dakika arobaini bila mtu wa kumwongoza.

Kwa hiyo nimeanza kuandika kozi ya juu zaidi, kwa watakaomaliza hii. Mada ya kwanza: Kumsikiliza Mwanafunzi. Itakuwa hotuba ya saa mbili. Maswali hayataruhusiwa.