Hodi ya Marehemu Yeremia Isipigwe Bila Ruhusa

Kijiji cha Ujamaa, karibu na Rudewa,
Kilosa.
9 Juni 1975

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wapiga chapa wako wote. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niandike.

Mwezi uliopita nilinunua chumvi katika duka la ushirika. Ilifungwa kwa kipande cha gazeti lenu, na kwa kuwa nilisoma hadi darasa la nne kwa masista, sianzi chumvi kabla sijamaliza karatasi yake. Iliandikwa kwamba mtu akitunga maneno, maneno hayo ni mali yake, wala mwingine haruhusiwi kuyatumia bila idhini. Akifa, haki huenda kwa warithi wake kwa muda wa miaka... Hapo karatasi imechanika.

Mimi ni mrithi. Mume wangu Yeremia alifariki mwezi wa Novemba, na maneno aliyoyatunga yanatumiwa ovyo na kijiji kizima.

Maneno yenyewe ni haya: "Hodi! Tuko wawili, mimi na njaa." Aliyatunga mwaka 1962, siku moja alipotoka kukata mkonge. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake, lakini yeye alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaipiga. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikamjibu bila kugeuka: "Karibu wewe, mwenzako abaki nje." Kwa miaka kumi na miwili hakuingia ndani kwa namna nyingine, hata siku ile alipoletwa akiwa na homa, ameshikwa mabega na watu wawili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani. Raheli wa nyumba ya tatu huipiga asubuhi na jioni, naye ameshiba, midomo inang'aa mafuta. Kila ikipigwa, mkono wangu huongeza unga kwenye sufuria kabla akili haijakumbuka. Ugali unaobaki nawapa kuku, nao wamenenepa bila sababu.

2. Kuharibu kazi ya mtunzi. Kondakta wa basi la Mikumi sasa anasema, "Tuko wawili, mimi na nauli." Hodi isiyo na njaa si ya Yeremia. Na huko Kidodi, kwenye miwa, nasikia wanasema "Tuko watatu." Wa tatu sijui ni nani.

3. Tafsiri. Koileken, mfugaji anayetuletea maziwa, ameihamishia katika Kimasai. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Mama, kwetu inachekesha kuliko kwenu." Hilo ndilo lililoniuma.

4. Elimu ya watu wazima. Mwalimu Marko ameiandika ubaoni, na darasa liko karibu na dirisha langu. Wanaisoma pamoja: tu-ko wa-wi-li. Mzee Lupakisyo ana miaka zaidi ya sabini, na neno la kwanza alilolisoma maishani mwake ni "njaa" ya mume wangu. Akalia machozi. Sikupata hata nafasi ya kukasirika.

5. Mwenyekiti. Jana nilipeleka shauri hili mkutanoni. Mwenyekiti Filipo akasema, "Shemeji, shamba ni la wote, trekta ni la wote, hodi itakuwaje ya mtu mmoja?" Nikamjibu kwamba tulipohamia hapa karani aliandika kila tulichotoa: majembe mawili, kinu, mbuzi watatu. Hodi hakuiandika. Kwa hiyo haijataifishwa. Watu walicheka, lakini Filipo ni mtu wa haki. Ameipiga marufuku mpaka sheria ipatikane, na kwa usalama amewakataza watu hata lile neno la mwanzo, "hodi", maana nalo ni sehemu ya utunzi.

Basi naomba serikali iamue hivi. Anayetaka kuitumia hodi hii aje kwangu kuomba ruhusa, ila asiipige mlangoni kwangu kabla hajaipata. Wanaoijua tayari waisahau. Jibu langu nalo lilindwe, kwa kuwa mtunzi wake bado yu hai, ingawa hana tena wa kumjibu. Mwisho, naomba unijulishe pale palipochanika ni miaka mingapi. Nimetumia miezi saba tu, nami ningependa kujua imebaki mingapi.

Nisalimie wapiga chapa, na yule anayekata magazeti ya kufungia chumvi. Kama kuna mzee hapo ofisini, mpe shikamoo yangu. Shikamoo haina mwenyewe.

Ni mimi, mrithi halali wa hodi,
Hildegarda, mjane wa Yeremia.

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku tisa. Mwalimu Marko, ambaye hupeleka barua zetu posta ya Kilosa, alikuja mara mbili akakohoa nje kwa kuogopa marufuku, nami nikadhani ni mbuzi. Kwa siku tisa hajaingia mtu, na nimekuwa nikipikia sufuria ndogo. Leo mchana amekuja Mzee Lupakisyo, ambaye hasikii vizuri na hakuelewa kilichokatazwa mkutanoni. Ameipiga yote, silabi kwa silabi, kwa sauti ya darasani. Nimemjibu bila kugeuka. Shikamoo nimempa baadaye. Mkono ulikuwa umekwisha kuongeza unga, naye amekula, kuku wamekosa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, barua usiichapishe. Chapisha hodi peke yake, kwa herufi kubwa, pamoja na jibu lake. Kisha nakuomba sana, gazeti la siku hiyo lifungiwe chumvi.