Siku Yangu ya Kutibu Moyo

Jumatatu, 3 Juni 1996

Moyo unauma. Jana kikundi chetu cha kuvuna kwa zamu kilichagua katibu. Salvator kura kumi na tisa, mimi moja. Hiyo moja nilijipigia mwenyewe. Na Marta, mke wangu wa ndoa, alikuwepo na alipiga kura! Nimemuuliza alimpa nani. Akasema kura ni siri, nikachote maji.

Jioni daktari mmoja redioni amesema mtu aliyeumizwa moyo ajitengee siku nzima. Asifanye kazi. Alale, aoge maji ya moto, ale matunda, asikilize muziki wa taratibu, asionane na wanaomuudhi. Kumbe dawa ipo! Nimechagua Jumatano. Jumatano ni zamu ya shamba la Salvator. Imetokea tu.

Jumanne, 4 Juni

Tatizo: hapa Litapunga zamu haikosekani. Ruhusa ni mbili tu, ugonjwa au msiba. Nikisema naumwa wataniletea Emelyne wa zahanati na sindano yake, na mkono wa Emelyne naujua. Umebaki msiba. Lakini nani afe? Ndugu zangu wote Marta anawajua, na kumuua ndugu aliye hai ni dhambi. Nimetengeneza mpya: baba mdogo Rafaeli, mvuvi wa Ikola kule ziwani. Amekufa kwa tumbo. Hakuwahi kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Nimempelekea habari Mzee Fabiani, mkuu wa kikundi. Akavua kofia. Marta amelia, kisha amenigombeza: miaka kumi na miwili ya ndoa sijamtajia mkwe! Nimesema tulikosana.

Mapapai mawili yako chini ya kitanda. Redio ina betri mpya. Niko tayari.

Jumatano, 5 Juni

Saa mbili asubuhi wamefika. Wote! Najua kwetu mfiwa haachwi peke yake, lakini kwa baba mdogo wa mbali nilidhani watatuma wawili. Godoro langu limetolewa nje, wamelikalia akina mama. Redio imezimwa kwa heshima ya marehemu. Maji yangu ya moto yamesongewa ugali. Mapapai ameyala Salvator. Alitangulia mbele amebeba kuni, akanishika mkono, akasema jikaze kaka, akakaa ubavuni mwangu mpaka jua likazama. Shamba lake halikuvunwa na bado watu wakamsifu.

Kisha Mzee Fabiani akasema yeye alimfahamu Rafaeli! Walivua wote Ikola mwaka sabini na nane. Mrefu, mpole, mkarimu, hakuwahi kugombana na mtu. Watu wakanitazama mimi, wakatikisa vichwa. Sikupenda.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ilikuwa zamu ya shamba langu. Hakuna aliyeshika kikapu. Mzee Fabiani ametangaza kwamba kazi haiingii shamba la mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Kwa kawaida siku tatu. Kwa mtu kama Rafaeli, saba. Saba! Nimesema marehemu hakupenda makuu. Mzee akasema si mnaona alivyokuwa mtu?

Mahindi yamesimama. Na Jumamosi ng'ombe wa Makoye, jirani yetu Msukuma, wanafunguliwa kula mabua, kama mkutano wa kikundi ulivyokubaliana. Shamba lile ndilo ugali wetu mpaka mavuno mengine. Marta ameniuliza watoto watakula nini. Nimemwambia nina mpango.

Ijumaa, 7 Juni

Wamevuna kwa Salvator. Saa sita walikuwa wamemaliza.

Mimi nimekwenda kwa Mzee Fabiani, nikakiri. Nimesema Rafaeli hayupo na hajawahi kuwepo. Akanitazama kwa huruma. Akasema uchungu ndivyo ulivyo, hata yeye alipofiwa na mama yake alikataa. Ila nisirudie maneno hayo mbele za watu, wasije wakamwona yeye mwongo. Hapo akanikazia macho. Nikaaga.

Nikaenda kwa Makoye. Akasema yeye hana neno, anaweza kungoja hata wiki, lakini tarehe ni ya mkutano, nimletee kauli ya katibu. Kauli moja tu. Katibu ni Salvator. Nimefika mpaka uani kwake. Nikamsikia anacheka ndani. Nikarudi. Nimwombe Salvator? Bora ng'ombe.

Marta nimemwambia Salvator amekubali.

Jumamosi, 8 Juni

Ng'ombe themanini. Waliingia saa nne. Salvator ndiye aliyewaona, akakimbia na fimbo kuwafukuza, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Makoye akauliza mbona katibu hakuleta neno. Salvator akasema hakuna aliyemwambia, angejua angewazuia tangu jana.

Marta alikuwa amesimama pale. Alichukua kikapu, akaingia shambani peke yake, matanga au si matanga, akaanza kuokota yaliyobaki kwenye mavi ya ng'ombe. Nikamfuata nimsaidie. Akaniambia nikalale, si ndicho nilichokuwa nataka.

Nimeona aibu. Kweli nimeona.

Jumapili, 9 Juni

Tumepata debe nne. Baada ya ibada Salvator amewaomba watu kila nyumba ituletee kikapu kimoja cha mahindi. Wameleta. Yeye kaleta vitatu, akavipanga mwenyewe ghalani, akakataa hata maji ya kunywa. Watoto hawatalala njaa. Marta amemshukuru mpaka akatokwa machozi. Na mimi nimetakiwa kushukuru, mbele ya watu wote.

Moyo sasa umeumia kuliko wiki iliyopita. Siku moja haitoshi kabisa, nahitaji tatu. Na zamu ya kupukuchua kwa Salvator inaanza Jumatano.

Kosa langu nimeliona. Nilimpeleka marehemu Ikola, ambako kila mzee wa huku amewahi kuvua. Tena nilimwacha bila tabia, watu wakampa nzuri. Safari hii ni shangazi. Anaishi Tanga, hapendi wageni, ana mdomo mchafu, na aliiba mbuzi wa kanisa. Mtu wa hivyo hawezi kuzidi siku tatu.