Marumaru ya Tanurini

Jumatatu, 3 Machi
Sikukuu. Kijiji kizima mlimani, tumekula mikate bapa na pweza. Mwenyekiti katangaza kwamba chumba cha maonyesho ya mawe kinatafuta mlinzi. Ufunguo mkubwa. Kofia yenye nembo! Jumamosi atakuja Daktari Despina Karavela kutoka Athens kututahini.

Waombaji wawili. Mimi, kinyozi mstaafu. Na Zannis, aliyechimba jiwe la msasa miaka thelathini. Nilimuuliza kwa upole kama mapafu yake yataweza vumbi la chumba. Akaniuliza kama nalijua jiwe lolote zaidi ya lile la kunolea wembe.

Vita vimeanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kitabu. Miamba geu: jiwe la kale linazama ardhini, linachomwa, linabanwa, lakini haliyeyuki. Linatoka jiwe jingine. Tope linakuwa jiwe la kuezekea nyumba. Likizidi kubanwa linakuwa shisti. Likizidi tena, naisi. Jiwe la chokaa linakuwa marumaru. Nikasinzia ukurasa wa nne.

Inatosha! Joto na mgandamizo. Acha Zannis ayataje mawe. Mimi nitaitengeneza marumaru yenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Binamu yangu Anargyros, mfinyanzi, kawasha tanuri lake la kuni. Alipoenda kunywa kahawa, nilitumbukiza jiwe la chokaa, kubwa kama ngumi, kati ya mitungi. Kitabu kinasema miaka milioni kadhaa. Mwandishi hajaliona tanuri la Anargyros.

Alhamisi, 6 Machi
Tanuri linapoa. Dada yangu Marousa kanikuta mbele ya kioo, nimevaa bakuli kichwani. Nilikuwa napima kofia. Kasema, “We Iakovos, mama alifariki mapema, akapumzika.”

Ijumaa, 7 Machi
Jeupe pe! Tena jepesi ajabu. Hakuna marumaru nyepesi hivi Ugiriki nzima.

Nilipotoka kwa Anargyros nikagongana na Zannis. Alilitazama jiwe, akanishika mkono. “Ndugu yangu, hilo usilitie maji. Tafadhali.”

Wivu mtupu.

Mgandamizo bado. Nimelikalia mchana kutwa, juu ya kiti cha jikoni. Makalio yanawasha vibaya, hasa palipo na jasho. Ni dalili njema: mgandamizo unafanya kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Sijui nianzie wapi.

Daktari alipanga mawe kumi mezani, akatuambia tuyagawe mafungu mawili. Zannis akayagawa kimyakimya: yenye tabaka huku, yasiyo na tabaka kule. Mimi nilikuwa nimesinzia kabla ya kufika hapo! Nikayatazama kama wateja. Haya yamechanwa, mistari yote inalala upande mmoja. Haya mengine vipara. Nikayatenga hivyo.

Mafungu yetu yalifanana, jiwe kwa jiwe.

Daktari akaniuliza nimejuaje. Nikasema nywele hulala upande mmoja zinapobanwa na chanuo. Akapiga makofi! “Mzee Iakovos, mgandamizo ndio chanuo lenyewe. Miaka ishirini nafundisha, sijasikia maelezo mazuri hivi.” Akachukua ufunguo mezani. Alikuwa ananipa mimi. Niliona mkono wake ukija.

Nikasema, “Subiri, Daktari, bado hujaona kitu.”

Zannis akanong'ona, “Kaa chini, Iakovos. Umeshinda. Kaa!” Ndivyo wasemavyo maadui. Nikatoa jiwe langu, nikaliweka katika sahani, nikalimwagia gilasi nzima ya maji ling'ae.

Likafyonza. Likanyamaza. Kisha likapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Mvuke! Likavimba, likapasuka, uji mweupe ukaruka juu ya koti jeusi la Daktari na masharubu ya Mwenyekiti. Zannis alimvuta Daktari pembeni, akafungua madirisha.

Daktari, akijipangusa, akaeleza kwamba joto bila uzito wa mlima juu yake halileti marumaru. Linaleta chokaa kali ya kupaka kuta. Akauliza kama kuna mtu amelishika kwa mikono mitupu.

Sikutaja makalio.

Ufunguo kapewa Zannis. Kofia inamkaa vizuri, jambo linaloumiza kuliko chokaa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeandika haya nimesimama.

Zannis kaja na dawa ya kupaka. Kasema wanafunzi wakija, mimi ndiye niwaeleze yale ya chanuo na vipara, maana yeye hana maneno. Machozi yalinilengalenga kidogo. Kisha nikang'amua: anataka kuniibia elimu! Nikamwambia nitafikiri.

Usiku wa kuamkia leo nilifika ukurasa wa tano. Eti kiini cheusi cha penseli na almasi ni kitu kimoja, tofauti ni kubanwa tu. Na hapa nyumbani tuna sufuria ya presha!

Penseli ishirini na nne zimo ndani tangu asubuhi. Marousa anauliza kwa nini jikoni kunanuka shule.