Pesa za Fungate Ndani ya Zege

Jumatatu, 2 Juni

Nimeoa! Tangu juzi mimi ni mume wa Swantje, na bado siamini. Jumamosi tunapanda ndege kwenda Aisilandi, fungate. Tiketi na vyumba kalipa yeye. Pesa za matumizi ni kazi yangu. Bajeti nimeshaipanga, safi kabisa, euro elfu moja na mia moja. Mfukoni nina euro kumi na tisa.

Hakuna wasiwasi. Kwenye kadi za mwaliko niliandika kishairi, nimekitunga mwenyewe, cha kuwaomba wageni wasituletee sufuria wala taulo, watuletee pesa za safari. Wameleta. Tatizo ni jinsi walivyozileta. Hapa kwetu kumpa bwana harusi noti ndani ya bahasha ni uvivu. Lazima uzifiche, atoke jasho. Shangazi Hedda kagandisha sarafu zake kwenye bonge la barafu. Wenzangu wa duka la mazulia wamezifukia kwenye ndoo ya unga. Kwaya ya Swantje imekunja noti za hamsini hamsini zikawa vipepeo, ikazibandika kwa gundi kwenye picha ya bahari. Na Onno, kaka yake Swantje, mjenzi, mtu wa kucheka mpaka vikombe vinatikisika kabatini, kaleta pande la zege. Kubwa kama ndoo! Juu kaandika kwa rangi nyekundu: EURO 500 HUMU. KAZI NJEMA, SHEMEJI.

Swantje alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kwa adabu.

Sasa jambo moja, na libaki humu humu. Mashua ya kwenda kuona nyangumi sijailipia. Katika safari yote Swantje ana hamu ya hicho kitu kimoja tu. Baba yake alikuwa akimwahidi kila kiangazi, mwisho akafa hajampeleka. Aprili aliniuliza kama nimelipia. Nikasema tayari. Nilitaka nionekane mwanamume mwenye mipango. Zawadi zitalipa, hatajua lolote. Mwisho wa kulipa ni Alhamisi, euro mia mbili thelathini. Kitu kidogo.

Jioni nikaanza na barafu. Kukaa kusubiri iyeyuke ni kazi ya wazee. Nikaitia kwenye oveni, moto wa mwisho. Kumbe Shangazi aliigandisha ndani ya bakuli la plastiki! Sasa sarafu zimeganda kwenye plastiki. Nyumba nzima inanuka tairi lililoungua.

Jumanne, 3 Juni

Leo vipepeo. Niliwaza hivi: gundi hulainika kwa joto, basi pasi ya mvuke. Gundi ililainika kweli. Ikashika pasi. Pasi ikaondoka na vipepeo sita na nusu ya bahari. Wawili tu wamepona. Benki wamesema hizo zilizochanika zitabadilishwa, ila zinatumwa makao makuu, na jibu litachukua wiki kadhaa. Nikamwambia yule dada wa dirishani kwamba nina nyangumi wa kuwalipia Alhamisi. Akaniangalia kwa huruma, akamwita aliyefuata.

Unga nao niliuchekecha sebuleni, maana jikoni bado kunanuka. Nikapata euro thelathini na nane, zote za senti kumi kumi. Swantje aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni akauliza ni nini hiki, theluji Juni? Nikasema nilitaka kumpikia keki. Akanibusu, akatoka na unga puani. Halafu, huku anavua viatu, akauliza tu kwa furaha kama mashua wameshathibitisha. Nikasema kila kitu kimelipwa, mpenzi, wewe fikiria nyangumi.

Najisikia vibaya kidogo. Lakini zege bado lipo. Mia tano! Hapo mambo yote yatakaa sawa.

Jumatano, 4 Juni

Onno kapiga simu asubuhi. Ati shemeji, umeshafungua? Nikasema bado, sina haraka. Ati nikikwama nimwambie, asiniache nife na njaa ugenini. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Tangu nimchumbie dada yake ananiita Mheshimiwa Bajeti mbele za watu. Afadhali nilitafune zege kwa meno kuliko kumwomba huyo msaada.

Nikatwaa nyundo. Nikagonga. Zege halikushtuka. Nikagonga tena kwa hasira, mara kengele ya mlango. Bi Oltmanns wa chini, na kandambili zake. Kwani sijui huu ni muda wa mapumziko ya mchana? Kwani nimelelewa wapi? Watu wastaarabu hawagongi vitu baada ya chakula cha mchana! Nikaomba radhi mpaka kiuno kikauma.

Ndipo nikapata wazo la kimya. Nikalibeba zege mpaka roshani, nikaliachia. Mgongo uliniuma, lakini moyo ulifurahi. Kimya hakikudumu. Lilitua kwenye njia ya mawe ya Bi Oltmanns, likavunja mawe manne na chura wake wa kauri. Lenyewe halina hata mkwaruzo! Yaani Onno ametia nini humo, chuma?

Bi Oltmanns anataka euro themanini, leo leo, na si kwa senti kumi kumi. Kipepeo wa kwanza kaenda, na wa pili pia, na chenji ya ishirini kanizuilia ati ya chura mwenzake, aliyebaki mpweke sasa. Sikuelewa, nikalipa.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya kuliko zote tangu nizaliwe.

Nilikodi drili kwa zile euro kumi na tisa zangu na sarafu zote za unga. Mwenye duka alizihesabu huku anapumua kwa nguvu. Nikatoboa. Vumbi likajaa mpaka kwenye nyusi. Sindano ya drili ikaingia nusu, ikakwama, ikakatika. Nimekaa pale sakafuni na drili butu, mara Swantje kaingia. Mapema, na koti bado mwilini.

Watu wa mashua walikuwa wamempigia. Walitaka kujua kama tunakuja au nafasi zetu wawape wengine, maana hakuna aliyelipa na leo ndiyo mwisho.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, lakini nilikuwa na mpango. Akasema baba yake naye kila mwaka alikuwa na mpango. Akasema kama sina pesa si kosa, angelipa yeye, au tungekaa ufukweni tukala mkate. Alichotaka ni kuambiwa. Kisha akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi, peke yake. Nilimsikia akipenga kamasi. Mimi nimemliza mke wangu, na ndoa haijamaliza wiki.

Nikachukua toroli ya Bi Oltmanns bila ruhusa. Nikapakia zege. Nikalisukuma mji mzima, kupita soko, kupita kanisa, mweupe kama maiti, watoto wakinifuata. Mpaka uani kwa Onno.

Alianza kucheka. Akaniona uso, akaacha. Nikamweleza yote. Nikamwambia nimeshindwa, tafadhali nifungulie, Swantje analia. Onno alilipindua lile zege juu chini, kwa mkono mmoja. Chini yake, ndani ya kishimo, kulikuwa na kiduara cha plasta laini na maneno: GONGA HAPA. Akagonga kwa kijiko cha chai. Plasta ikapasuka. Ndani mkebe, ndani ya mkebe mia tano, zimekunjwa vizuri.

Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli sikuwahi kulipindua. Nikamwambia nililiangusha kutoka ghorofa ya pili, lakini lilitua wima. Hapo akashindwa kujizuia, na mimi nikashindwa, tukacheka tumeshikana mabega. Alisema zile mia tano ni za nyangumi tangu mwanzo. Baba yao alimwahidi Swantje, na yeye Onno alikuwepo, alisikia. Akawapigia watu wa mashua palepale, akalipa kwa kadi yake, nikamrudishia kutoka kwenye mkebe.

Nikarudi mbio na toroli tupu. Swantje bado yuko kwenye ngazi. Nikamwambia imelipwa, sasa ni kweli, mpigie Onno umuulize. Akampigia! Sikumlaumu. Kisha nikapiga goti na vumbi langu, nikaapa kwa roho ya bibi yangu kwamba sitasema tena kitu kimelipwa kama hakijalipwa. Maisha yangu yote. Akanifuta nyusi kwa leso yake, akasema haya, tumekubaliana.

Nimepona.

Jumamosi, 7 Juni

Uwanja wa ndege. Ili kubana matumizi nilipakia mikate myeusi kumi na mbili na jibini nzima. Sanduku limezidi uzito. Faini imezidi bei ya mikate. Lakini sasa mikate ni ya thamani sana, na Swantje anacheka tena, kwa hiyo naihesabu kuwa faida.

Jumanne, 17 Juni

Tumewaona! Yaani sijui niandikeje. Baharini kulikuwa baridi ya kukata masikio, watu wote wamenyamaza, mara mgongo mweusi ukainuka pale karibu, taratibu, unang'aa, ukapuliza maji. Swantje alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Alilia. Alisema kitu kwa sauti ndogo, si kwangu, kwa baba yake. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye ndoo natapika mkate mweusi, lakini mgongo niliuona, na machozi yake niliyaona. Ningelisukuma zege lile mpaka huku kwa ajili ya dakika ile.

Alitetemeka kwa baridi njia nzima ya kurudi.

Jumatano, 18 Juni

Kuna duka hapa bandarini linauza masweta ya sufu ya kienyeji, yanafumwa kwa mkono. Tangu tufike Swantje hupita pale, hugusa moja la kijivu, huangalia bei, husema twende. Leo nilitoka kununua maziwa. Nikarudi na sweta. Bei yake ilikuwa sawasawa na pesa zilizobaki kwenye mkebe, kama vile Mungu mwenyewe kapanga bajeti.

Amelivaa. Limempendeza ajabu! Kajizungusha mbele ya kioo kama mtoto, kanikumbatia, kasema ameolewa na mtu mzuri. Halafu, huku bado kanikumbatia, kauliza kama basi la kesho la kurudi uwanja wa ndege nimeshalilipia, maana ni mwendo wa siku nzima na ndege haisubiri mtu.

Nikamwambia tangu juzi, mpenzi.

Kesho asubuhi kuna lori la samaki linaelekea huko huko. Nimemwona dereva kwa mbali, ana sura ya mtu mwema. Mbele kuna viti viwili, nadhani, na labda anapenda mkate mweusi.