Paka Kwenye Kikapu cha Majani Chai

Leo paka ameniaibisha mbele ya senta nzima ya kupimia majani chai. Wazee wenzangu, nawaandikia mwenyewe, na huu mwandiko wangu wa darasa la tatu, kabla hamjasikia kutoka kwa wanawake wa hapa. Wao watatia chumvi. (Sio ati maneno yenyewe yanahitaji chumvi.)

Mnajua kesho tunahama. Hii mvua ya El Nino imebeba daraja letu, na mguu wa bibi yangu, mama ya watoto wangu, una kidonda cha kuoshwa hospitali kila siku. Nilimbeba mgongoni mara mbili mpaka barabara ya lami. Mara ya tatu mgongo ulikataa. Basi nikatafuta nyumba ya kupanga Kericho mjini, nyuma ya hospitali. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Alinisomea karatasi ya sheria kama mtoto wa nasari: "Hakuna mbwa, hakuna paka, hata kuku sitaki." Mimi! Mimi niliyejenga nyumba tatu kwa mikono hii, nasomewa sheria na mtu ambaye ukuta wake umepinda! Nilikubali kwa sababu ya ule mguu. Kwa sababu ya mguu tu.

Ng'ombe niliweka kwa rafiki anitunzie, vile sisi huweka. Mbwa alienda kwa ndugu yangu kule Sigor. Alipanda pikapu bila hata kugeuka kuniangalia. (Asante sana, mbwa.) Akabaki paka, anaitwa Simiti, kwa ile rangi yake. Huyo ni wa bibi. Watoto wote walitoka nyumbani, akabaki yeye juu ya magoti yake.

"Simiti asipopata kwake," bibi aliniambia jana, "mimi sitoki hapa."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

Nimekaa na huyu mama miaka mingi. Akisema hivyo amemaliza.

Kwa bahati Ouma, dereva wa lori la majani, aliniambia stoo ya kiwandani imejaa panya, nimletee paka leo senta aende naye. Vizuri. Lakini mzee wa rika langu hatembei barabarani akikumbatia paka! Sasa nikafikiria. (Hapo ndipo niliharibu.) Nikatia Simiti kwa gunia dogo lenye matundu, nikafunga na kamba ya katani, nikaweka ndani ya kikapu, juu nikafunika na majani chai mabichi. Ukiangalia, ni mkulima anapeleka majani. Nani atauliza?

Nilifika senta saa saba. Lori halijafika. Nikasimama kando, karibu na barabara, kikapu chini.

"Chairman, mbona hupangi laini?" Huyo ni Mama Chelagat. Wiki jana, mimi kama chairman wa senta, nilirudisha majani yake yote, nikamwambia mbele ya watu ni magumu kama ngozi ya kiatu.

"Haya si ya kupimwa."

"Majani si ya kupimwa? Kwani ni mboga?"

Wakacheka. Nikakasirika. "Nimesema nangoja gari!"

"Gari gani?" akauliza mwingine. "Chairman unauzia watu wa kando?"

Weh! Wazee, mnajua hiyo ni kesi gani. Mkulima akiuza majani kwa wale walanguzi wa barabarani, anafutwa kwa kitabu cha wakulima. Na ni mimi mwezi jana niliyepanda juu ya kreti nikapiga kelele: kila kikapu kimwagwe mezani kikaguliwe, hata cha chairman. Nilisema kwa kinywa changu! Hakuna aliyeniuliza!

"Mezani! Mezani!" Laini nzima.

Karani wa mizani, kijana mpole, akaniangalia. "Mzee, mwaga tu, waridhike."

"Sitamwaga."

"Basi anauza," akasema Mama Chelagat.

Nikaona jina langu linaisha hivi hivi. Nikainua kikapu na hasira yote, nikamwaga. Gunia likaanguka puu! Kamba ikafunguka. Simiti akatoka kama risasi, akapanda mkono wa karani mpaka bega, akamkwaruza sikio, akaruka juu ya mizani, akaning'inia kwa ndoano akilia kama mtoto. Mshale wa mizani ukaenda ukarudi. Halafu akaanguka juu ya majani yangu, akakojoa. Hapo mezani. Watu wote wakiangalia.

"Chairman analeta majani na mbolea yake!" mtu akasema. Wanawake walishikana kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa.

Ndipo Ouma akafika na lori. Akaona sikio la karani lina damu.

"Ni huyo paka?"

"Ni huyo."

"Mzee wangu, hapana. Huyo aingie kebini nami nikiwa kwa usukani? Nina watoto." Akaanza kupakia majani ya watu.

Nilisimama hapo nikiwa na gunia tupu. Kwa akili yangu nilimwona bibi ameketi mlangoni kwetu, mguu juu ya kigoda, akikataa kutoka. Na kesho mwenye nyumba atampa mtu mwingine funguo nisipofika. Nilitaka kupiga mtu. Hakukuwa na mtu wa kupiga.

Simiti mwenyewe alikuwa ameshatulia ndani ya kikapu kitupu. Cha nani? Cha Mama Chelagat!

"Nina panya kwa stoo ya mahindi," akasema. "Naweza kumchukua. Lakini lazima akaguliwe kwanza."

Akampeleka mezani. Akamgeuza. Akamfungua mdomo. "Meno ni mawili na chipukizi," akasema, vile mimi husema nikikagua majani. "Anapita."

Mimi nikasema asante haraka nikageuka kwenda.

"Ngoja, Chairman. Na majani yangu ya wiki jana yalikuwaje?"

Laini nzima ikageuka. Hata Ouma aliacha kupakia.

"Tuyaache hayo, mama."

Akashika paka kwa shingo, akamnyoosha upande wangu. "Basi shika paka yako."

Wazee, nilitoka jasho. Nikafikiria ule mguu. Nikasema, "Yalikuwa majani mazuri."

"Sijasikia."

"Yalikuwa mazuri! Nilirudisha kwa sababu ulinijibu mbele ya watu!"

Sijawahi kusema kitu kama hicho tangu nitahiriwe. Hakuna hata aliyecheka, na hiyo ndiyo iliuma zaidi. Mama Chelagat alimfunga paka ndani ya shuka yake kama mtoto, akaniambia, "Msalimie mama. Mwambie paka atalala kwa jikoni, karibu na moto." Akaenda zake.

Nilimwambia bibi. Alifurahi mpaka akaanza kufunga vyombo. "Mama Chelagat ni mtu wa roho safi," akasema. "Kwa nini hukuanza na yeye?"

 Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatutazitumia.

Basi kesho tutakuwa mjini. Mkija kutuona, ulizeni habari ya mguu, mtakaribishwa vizuri. Atakayeuliza habari ya paka hatapewa chai.