Mkaguzi Aliyekagua Kitanda Kimoja Mara Nne

Mwaka ule pamba ilizaa mpaka maghala ya Shinyanga yakafurika, na asubuhi moja ya Jumatatu Theonest alikuwa amekaa barazani kwa fundi cherehani, mkabala na stesheni, akisubiri mtu wa kumwandikia barua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake halali. Kazi yake ya kweli ilikuwa kusikiliza shida za watu mpaka aione ile yenye faida kwake.

Wiki hiyo hata yeye alikuwa na shida. Mzee Ignas wa Kagongwa, baba yake Apolonia, msichana ambaye Theonest alitaka kumwoa, alimwambia wazi: ng'ombe wanane kabla ya mvua, la sivyo Apolonia ataolewa na msimamizi wa kinu cha pamba, bwana mmoja anayevaa saa mikono yote miwili.

"Na zote zinakwenda," Mzee Ignas aliongeza, ili aumie vizuri.

Theonest alikuwa na baiskeli, kofia ngumu ya jua, na maneno. Ng'ombe hakuwa naye hata wa kuota.

Basi akaja mpishi mmoja aitwaye Thobias, mtu mzima mwenye harufu ya moshi, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Andika kwa Bwana Shauri, mkuu wa bomani," alisema. "Sema sisi wa Makao ya Wazee, Kagongwa, tunaomba mkaguzi. Tangu nyumba ijengwe hajaja hata mmoja. Paa linavuja. Choo hakina mlango. Tena kuna mzee mmoja, Nkwabi, alichimba dhahabu Rwamgasa zamani, huyo hataki nifagie chini ya kitanda chake. Ana kopo lake pale. Ukiligusa anakutukana wewe, anamaliza na babu yako."

Kalamu ya Theonest ilisimama.

"Kopo la nini, kaka?"

"Nitajuaje? Watu wanasema dhahabu."

Theonest akaimalizia barua kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, akaahidi kuifikisha bomani kwa mkono wake. Thobias alipoondoka, akaikunja na kuitia mfukoni. Serikali ina mambo mengi, alijiambia kwa huruma. Si vizuri kuisumbua kwa jambo ambalo raia mwema anaweza kulifanya mwenyewe.

Siku ya tatu aliingia Makao ya Wazee akiwa na kofia yake, daftari, na utepe wa kupimia aliouazima kwa fundi cherehani bila kumwambia. Aliegemeza baiskeli, akautazama ukuta kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Ukuta haukuwa na kosa lolote, ila Theonest alijua kwamba mkuu yeyote akiona mtu anautikisia kichwa ukuta wake, huanza kutokwa jasho.

Mama Paskalina, mkuu wa makao, mwanamke mpana mwenye funguo kiunoni, alitoka mbio.

"Shikamoo, bwana."

Mama huyu angeweza kumzaa Theonest na wadogo zake wanne. Theonest akaitika "marahaba" bila kupepesa jicho.

"Mimi ni mkaguzi. Nakagua usalama na ubora. Nyumba isiyofaa inafungwa. Tuanze na kisima. Kina chake ni kiasi gani?"

"Hatujawahi kupima, bwana."

"Mnaishi na kisima msichokijua?" Akaandika. "Na choo hiki, mlango uko wapi?"

"Uliliwa na mchwa."

"Mtu akiwa ndani, nani anamwona?"

Mama Paskalina aliinamisha macho. "Kila anayepita kwenda Isaka, bwana."

"Isaka!" Theonest alisema kwa sauti ya msiba, akaandika tena.

Jikoni alitumbukiza utepe katika sufuria ya uji, akasoma kipimo, akaguna. Thobias, aliyekuwa akikoroga, alimkazia macho. Mwandishi wa barua kule stesheni hakuwa na kofia. Huyu anayo, tena ngumu. Thobias akaendelea kukoroga.

Upande wa wanawake ulitengwa na ule wa wanaume kwa ugo mrefu wa miti. Hapo alisimama Bibi Ghati, mwanamke mrefu kutoka pande za Musoma, mkono kiunoni, kama yeye ndiye mkaguzi.

"Wewe ndiye unayeandika? Andika. Uji wa hapa, siafu anauvuka bila kulowa magoti."

"Nimeandika, bibi."

"Andika na huu ugo."

"Ugo una kosa gani?"

"Upo."

Ng'ambo ya ugo mtu mmoja alikohoa kwa furaha.

Chumba cha wanaume kilikuwa na vitanda kumi na viwili. Theonest alipima kitanda cha kwanza kwa kukitazama, cha pili kwa kukisikia jina, na cha mwisho, cha Mzee Nkwabi, alikipima urefu, upana, kimo, kisha akapiga magoti na kuchungulia chini yake. Akazunguka chumba. Akarudi, akachungulia tena. Mara ya tatu alisema anatafuta kunguni. Mara ya nne alinyoosha tu mkono.

"Utakutana na mkia wa nyoka," sauti ilisema juu yake.

Theonest akaurudisha mkono upesi. Mzee Nkwabi alikuwa ameketi kitandani, mdogo, mkavu, miguu imefunikwa blanketi.

Sasa, pande zile mzee hasalimiwi tu ukampita. Mnaulizana habari, mnaulizana mlikotoka, mnaulizana koo, na ukoo ukipatana umeshapewa kigoda moyoni mwake. Theonest alilijua hilo. Wengi walishamfungulia masanduku kwa njia hiyo.

"Wewe wa nani?" mzee aliuliza.

"Baba yangu Mzinza, lakini mama ni Msukuma wa hukuhuku. Mzee wangu wewe ukoo gani?"

Nkwabi akautaja. Theonest akajipiga paji la uso.

"Huo huo! Ukoo wa mama yangu! Kumbe nakukagua mjomba wangu!"

Wazee kumi na mmoja waliacha kutafuna. Kichwa cha Bibi Ghati kilitokeza dirishani.

"Mjomba wa kweli?" aliuliza Mama Paskalina.

"Wa kweli kabisa. Mama alikufa akimtaja," alisema Theonest, ambaye ulimi wake ukishika mteremko haukuwa na breki.

"Ng'wanawane! Mwanangu!" Mzee Nkwabi alilia, na machozi yakamtoka papo hapo, mengi, kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni.

Mama Paskalina aliinua mikono juu. "Mungu ashukuriwe! Basi hapa hakai tena! Makao haya ni ya wasio na ndugu. Ndugu akipatikana mbele ya mashahidi, anamchukua mzee wake siku hiyohiyo. Lete kitabu, Thobias!"

Theonest alihisi kofia inambana. "Mama, mimi mtumishi wa serikali, leo niko hapa kesho kule..."

"Unamkana mjomba wako?" Bibi Ghati alifoka dirishani. "Wazee kumi na mmoja wamekusikia, na mimi!"

Mzee Nkwabi alimvuta sikio taratibu mpaka likafika mdomoni pake.

"Kopo ni la ugoro," alinong'ona. "Dhahabu nimeifukia Rwamgasa. Miaka mitano sina ndugu wa kunitoa hapa. Saini, mpwa."

Theonest akasaini, herufi kubwa, mpaka wino ukapita karatasi ya pili.

Walipoondoka, mzee kwenye karia ya baiskeli na blanketi lake, fundi seremala alikuwa keshaanza kupima mlango wa choo, na Thobias alikuwa akimwaga unga zaidi sufuriani kwa hofu ya ripoti. Huo ndio wema pekee Theonest aliowahi kuufanya katika wilaya nzima, na hakuuona.

Lori la pamba liliwabeba nusu ya njia. Nusu iliyobaki Theonest aliiendesha kwa miguu yake, huku mjomba akimkagua kwa nyuma.

"Hilo shimo umelifuata makusudi?"

"Samahani, mjomba."

"Mgongo wangu ni wa serikali sasa. Uangalie."

Rwamgasa, kibanda cha zamani cha Nkwabi kilikuwa kimeshaanguka. Dhahabu, alisema, iko chini ya jiko. Jiko lilikuwa wapi? Hapo alifikiri kidogo. Theonest alichimba siku ya kwanza palipokuwa kitanda. Siku ya pili akachimba palipokuwa banda la kuku. Siku ya tatu, shati limechanika na viganja vimetoka malengelenge, alimwona Apolonia usingizini akimfunga msimamizi wa kinu saa ya tatu, shingoni. Akaamka akachimba kwa nguvu mpya, na jembe likagonga chupa.

Ilikuwa imejaa. Theonest alicheka, akalia, akambusu mjomba wake kichwani.

Nkwabi aliipeleka kwa mnunuzi mwenye leseni, kisha mnadani. Alitembea mwenyewe, tena upesi. Miguu yake, ilionekana, ilikuwa imechoka makao tu. Jioni alirudi na ng'ombe. Theonest akawahesabu mara mbili kwa sababu macho yake hayakuamini: wanane.

"Mjomba! Umejuaje idadi?"

"Ndiyo waliyotaja wenyewe."

"Nani? Mzee Ignas?"

"Ignas ndiye nani? Mimi nasema Mageni wa Kagongwa, mtu wa kwao Ghati; Ghati hana ndugu, huyo ndiye anayemsimamia. Ghati hajawahi kutolewa mahari, na Mageni anasema hata awe na miaka mia hatoki bure. Miaka mitano nampenda mwanamke kupitia tundu la ugo, mwanangu. Unajua adha yake?"

Theonest alikaa chini, juu ya kifusi chake mwenyewe.

"Na mimi?"

"Wewe ni mpwa. Katika ukoo wetu mahari ya mjomba huswagwa na mpwa."

"Sina ukoo wowote nanyi! Nilidanganya!"

"Najua. Mimi niliwahi kukaguliwa nikiwa mgodini. Mkaguzi wa serikali hapigi magoti, na hakagui kitanda kimoja mara nne." Mzee akatia ugoro puani, akapiga chafya ya raha. "Lakini umesaini kitabuni, mkaguzi na mpwa, kwa jina lako. Twende ukaswage, au twende bomani ukaeleze?"

Basi wakarudi. Mzee Nkwabi alitangulia juu ya baiskeli, kifua mbele, kofia ngumu kichwani. Theonest alifuata nyuma ya ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope, fimbo mkononi.

Na njia ya kwenda kwa Mageni inapita mlangoni kwa Mzee Ignas.

Mzee Ignas aliliona vumbi kwanza. Kisha pembe. Akahesabu kwa kidole, akafika nane, akapiga kelele nyumba nzima ikatoka. Shangazi wakapiga vigelegele. Msimamizi wa kinu, aliyekuwa amekuja kunywa chai, akaweka kikombe chini. Apolonia akakimbilia barabarani na kitenge kipya.

"Theonest! Nilimwambia baba! Nilimwambia wewe ni mwanaume!"

"Apolonia," alisema Theonest, "hawa ni wa mjomba."

"Mjomba gani? Anaoa nani?"

"Bibi mmoja. Sogea kidogo, mama, wasikukanyage."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Ng'ombe saba walipita. Wa nane, mwekundu, mnene kuliko wote, aliuona mlango wa zizi la Mzee Ignas uko wazi, akajiingilia taratibu, akaanza kula majani kama mtu aliyefika kwake.

Mzee Ignas alimtazama ng'ombe. Msimamizi wa kinu alitazama saa, mkono mmoja, kisha mwingine.

"Mpwa!" Nkwabi aliita kutoka mbele. "Mmoja amebaki!"

Theonest akaingia zizini, akamtoa kwa fimbo yake mwenyewe.